Ua Lililozoea Chai

Mwalimu Manasseh Nyasani wa Sironga, Nyamira, hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Katika miaka yake yote ya kufundisha, wanafunzi walimjaribu kwa kila njia. Walimwekea chura ndani ya boksi la chaki, wakamtandazia nyoka wa mpira juu ya meza, na yeye akakunja uso tu, akaendelea na somo. Siku alipoitwa ofisini kuambiwa muda wake wa kustaafu umefika, aliuliza jambo moja tu: nani atabaki na funguo za stoo? Majirani walisema moyo wake umetengenezwa kwa mawe ya sabuni yale yale yanayochongwa huko Kisii, na yeye hakuwasahihisha. Alipenda sifa hiyo kuliko alivyokiri.

Basi mwaka huu moyo huo ulishtuka, tena ukashtuka, hadi mwenyewe akaogopa. Na kilichomfikisha huko ni ua moja dogo la ndani ya nyumba, la kutosha kufichwa chini ya kofia.

Ua lenyewe ni lile la majani ya mviringo yenye vinyoya laini, linalochanua zambarau. Manasseh alimpelekea Mokeira alipokuwa akimchumbia, akitoka chuo cha ualimu, amelipanda ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Vijana wenzake walikuwa wakipeleka leso na sabuni za kunukia. Yeye akapeleka mkebe wa udongo! Shangazi zake Mokeira walicheka hadi wakashika mbavu, wakauliza kama huyu mwalimu ameleta posa au ameleta kazi ya shamba. Mokeira hakucheka. Aliupokea mkebe kwa mikono miwili akauweka dirishani, na mwaka huo huo wakaoana.

Kwa vile Manasseh hakuwa na ulimi wa maneno matamu, wala hakurudia tena zawadi ya namna ile, ua hilo likabaki kuwa neno lake la pekee la mapenzi. Lilihama kutoka mkebe hadi chungu cha udongo chenye pengo mdomoni, na chungu kikawekwa ndani ya bakuli la bati lenye maua, juu ya kigoda mbele ya dirisha la sebuleni. Mgeni hakupewa hata kiti kabla hajaoneshwa.

"Hii maua ni Mwalimu alinipatia," Mokeira angesema. "Tangu hiyo siku, haijawahi kufa."

Hapo Manasseh angekohoa kidogo na kudai sehemu yake ya sifa. Kila asubuhi alipomaliza chai yake, ya maziwa na sukari kama inavyonywewa kwao, alibakiza kidogo pamoja na makapi, akaenda dirishani akalimwagia ua. Hakuwa akifanya hivyo kwa siri. Alilihubiri jambo hilo.

"Sisi watu wa Nyamira chai ndiyo imetusomesha," aliwaambia wageni. "Imetujengea nyumba, imetulipia mahari. Sasa ua ni nani likatae chai?"

Mokeira alikuwa akitabasamu na kupanguza kioo cha dirisha. Hata siku moja hakumpinga.

Binti yao mkubwa, Ruth, alipoolewa, Mokeira alikata jani moja la ua lile, akalizungushia kitambaa kibichi, akampa mbele ya wageni wote. Jani la ua hilo ukilichomeka kwenye udongo wenye unyevu huota mizizi, likazaa ua jingine. Wanawake walipiga vigelegele, na tangu siku hiyo ikawa desturi ya nyumba ile, ingawa ilikuwa imefanywa mara moja tu. Bahati mbaya, Ruth alijifungua mapema, akasahau kulimwagia maji, na ua lake likakauka kabisa. Alilia kama aliyefiwa.

Kwa hiyo lilibaki lile la dirishani. Na Mokeira, alipolazwa mwaka jana na kujua kwamba harudi nyumbani, hakusema mengi. Alimshika mumewe mkono.

"Natasha akiolewa, umkatie jani," alisema. "Asitoke hapa mikono mitupu kama mtu hakuwa na mama."

"Nitamkatia," Manasseh alijibu.

Akamzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Watu walitazama kama mwalimu atalia, wakaona hakulia.

Baada ya mazishi ua likaanza kunyong'onyea. Majani ya chini yaligeuka manjano, vijinzi vidogo vikawa vinaruka juu ya udongo, na udongo wenyewe ukaanza kutoa harufu ya kikombe kilichosahauliwa. Manasseh alifikiri ua linaomboleza. Basi akafanya kile ambacho moyo wake ulimtuma kufanya: akaongeza chai.

Natasha, kitinda mimba, alikuwa akifanya kazi Nakuru na harusi yake ilipangwa mwezi wa Desemba. Kila Jumapili alipiga simu, na baada ya kumsalimu Tata, yaani baba, aliuliza swali lile lile.

"Tata, maua ya mama iko aje?"

"Iko," Manasseh alijibu, akilitazama ua na majani yake ya manjano.

Ruth alipokuja kumsalimu mwezi wa Agosti, aliliona akasimama mlangoni na mkoba wake begani. Yeye hufanya kazi katika duka la dawa mjini Kisii, na uso wake siku hiyo ulikuwa ule anaouvaa mteja anapoeleza dalili mbaya. Wiki iliyofuata alirudi na boksi. Ndani mlikuwa na pampu ndogo kama kipande cha sabuni, saa ya kujiendesha aliyoiita taima, na mipira myembamba iliyojikunja kama tambi.

"Tata, hii inaitwa dripu," alisema huku akipiga magoti sakafuni. "Mimi niko nayo kwa nyumba, hakuna maua imekufa tena. Pampu inakaa ndani ya ndoo. Asubuhi taima inaiwasha, maji inapita kwa mipira, inaenda kwa kila chungu tone tone, halafu inajizima."

"Nani anaiambia kwamba ni asubuhi?"

"Nimeshaiambia."

"Na kama kunanyesha?"

"Tata, maua iko ndani ya nyumba!"

Manasseh aligundua upumbavu wa swali lake, akageuka kutazama nje kana kwamba kuna ng'ombe amemwona. Ruth aliweka ndoo chini nyuma ya kochi, akapitisha mipira ukutani, akachomeka ncha zake kwenye udongo wa kila chungu: kile cha mmea wa kutambaa, vile viwili vya majani marefu, na cha mwisho, kilichokuwa chini kuliko vyote, kile cha kigodani.

"Na chai?" Manasseh aliuliza.

"Chai kunywa wewe. Hii maua sasa ni maji peke yake, ama makapi itaziba mipira."

Lilimuuma. Asubuhi iliyofuata, kwa mara ya kwanza tangu aoe, alimwaga makapi yake nje ya mlango wa jikoni, mbele ya kuku. Alikuwa hajamaliza kunung'unika aliposikia sauti ikinguruma taratibu sebuleni, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Kikombe kilimponyoka. Alikimbia, mzee mzima, akakuta hakuna mtu. Ncha ya mpira ilikuwa ikitoa tone, ikapumzika, ikatoa tone jingine, na udongo ukiyapokea bila haraka. Kisha sauti ikakatika yenyewe. Manasseh alibaki amesimama na miguu yake mitupu akijiuliza kama anapaswa kuishukuru.

Mshtuko wa pili ulikuwa wa furaha. Kabla ya mwezi kwisha, vijinzi viliondoka, majani mapya yakachipuka katikati, na asubuhi moja akakuta ua limechanua zambarau. Alilitazama hadi macho yakamwuma. Maji matupu! Alimwita Persis, jirani yake na shemasi wa kanisa, aje ajionee.

"Hii ni nguvu ya ile chai ya zamani," alimweleza. "Ilikuwa imejiweka akiba kwa udongo."

Persis alimtazama kwa pembe ya jicho, akalisifu ua. Ni mwanamke anayejua wakati wa kumwachia mgane maneno yake.

Sasa, taima ya Ruth ilikuwa inajua asubuhi na jioni, lakini haikujua Sabato. Hilo lilimsumbua Manasseh tangu mwanzo. Yeye ni mzee wa kanisa la Wasabato. Amri inataja mtumwa, inataja mnyama, inataja hata mgeni aliyeko langoni, wote wapumzike. Pampu haikutajwa, lakini alijua kabisa kwamba kama ingekuwepo wakati ule, ingetajwa. Kwa hiyo kila Ijumaa kabla ya jua kuzama, baada ya kuteka maji, kukata kuni na kupika chakula cha kesho, alichomoa plagi ya ile pampu ukutani akailaza juu ya meza. Jumapili akaichomeka tena. Ruth alishaambiwa, akacheka, akamweleza kwa simu jinsi ya kuipanga taima upya kila ikichomolewa. Ua halikudhurika. Siku moja ya kufunga haikuliua.

Kisha ikaja Sabato ya mwezi wa Novemba ambayo zamu ya kuwakaribisha wageni wa kanisa ilikuwa yake. Asubuhi, akiwa ameshavaa tai, Manasseh aliona benchi la wageni halitoshi nyuma ya kochi kwa sababu ya ile ndoo. Isitoshe, wageni wangekuja na watoto, na mtoto akiona ndoo ya maji lazima aingize mkono, na kisha mguu. Kusogeza ndoo si kazi. Aliinyanyua, imejaa pomoni, pampu ikiwa ndani na ncha za mipira zikiwa bado vyunguni, akaipandisha juu ya kabati la vyombo. Aliitazama plagi: imelala mezani, imekufa. Akafunga mlango, akaenda kanisani na Biblia kwapani, moyo wake mweupe.

Kanisani walikaa. Shule ya Sabato, hubiri, chakula, kisha mkutano wa alasiri na mhubiri asiyejua kumaliza. Jua lilikuwa limeinama walipofika nyumbani, wazee na wanawake na watoto, wakiimba pambio njiani. Manasseh alifungua mlango wa sebule, akakanyaga maji.

Hakuelewa. Alirudisha mguu, akautazama, akaukanyagisha tena. Zulia lilikuwa linaelea pembeni. Maji yalikuwa yametandaa hadi chini ya meza, na kutoka dirishani ilisikika sauti ndogo: ta, ta, ta. Bakuli la bati lilikuwa limefurika. Ua la Mokeira lilikuwa limekaa ndani ya maji hadi shingoni, na ule mpira ulikuwa bado unalimiminia, tone juu ya tone, siku ya Sabato, mbele ya wazee wa kanisa.

Manasseh aligeuza macho mezani. Plagi ilikuwa pale pale alipoilaza. Aliichukua, akaishika juu. Waya ulikuwa unaning'inia mkononi mwake, haujagusana na umeme wowote duniani, na mtambo unafanya kazi! Nywele zilimsimama. 

"Nyasae one!" Persis alisema nyuma yake, yaani Mungu wangu. Kisha kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu si Mokeira?"

Mama mmoja alianza kuwarudisha watoto nje. Mzee mmoja alikemea mapepo, lakini akiwa bado upande wa nje wa kizingiti. Manasseh alitaka kuwaambia wasiwe wajinga, akaacha. Maana hata yeye, mwalimu wa sayansi, aliwaza kwa muda wa pumzi moja kwamba mkewe amerudi kulitunza ua lake.

Ruth alipopigiwa simu aliuliza jambo moja.

"Tata, umepandisha ndoo juu?"

"Ilikuwa kwa njia. Lakini stima nimetoa! Nimeishika hapa kwa mkono!"

"Mipira ilikuwa na maji ndani. Ukiinua ndoo juu ya vyungu, maji inajivuta yenyewe mpaka ndoo ikauke. Haihitaji stima. Tata, si ni wewe ulinifundisha hiyo, darasa la saba? Na mpira na maji ya wino?"

Ilikuwa kweli. Mwaka hadi mwaka alikuwa amesimama mbele ya watoto, na mpira mmoja na mitungi miwili, akiwaonesha jinsi maji yanavyopanda na kushuka bila kusukumwa. Aliona haya hadi masikio yakamwasha. Wageni walikula chakula chao uani, kwa heshima, wakijitahidi wasicheke, na hiyo heshima yao ndiyo iliyomchoma zaidi.

Lakini haya hupoa. Kilichokuja baadaye hakikupoa. Alimwaga maji yaliyokuwa kwenye bakuli, akaliweka ua kwenye jua la asubuhi, akalifunika, akalifunua. Majani yakalegea. Yakawa ya kuangaza kama vitunguu vilivyokaangwa kidogo, na alipogusa shina kwa kidole, kidole kikaingia. Natasha alipopiga simu ya picha Jumapili ya wiki iliyofuata, Manasseh alimwonesha paa jipya la zizi.

"Tata, nioneshe maua ya mama."

"Network ni mbaya," akasema, akakata.

Alikaa chini na simu mkononi. Hakuwahi kumdanganya mtoto wake. Harusi ilikuwa inakaribia na alichokuwa nacho ni chungu cha matope na ahadi aliyoitoa kitandani mwa mgonjwa. Alihisi amemzika Mokeira mara ya pili, na safari hii amemwua kwanza.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba Mokeira, alipokuwa akipeleka ndizi kuuza Masimba, alikuwa akimtaja mtu wa maua wa huko. Masimba ni mbali kidogo na Sironga, ng'ambo ya Keroka, lakini pale sokoni bei ya ndizi ilikuwa inampendeza. Manasseh alikifunga chungu kwenye mfuko, akaondoka bila kumwambia mtu.

Hakupata shida kumpata. Chini kidogo ya stendi, kando ya barabara, kulikuwa na neti nyeusi ya kivuli iliyotundikwa juu ya miti, na chini yake miche ya parachichi, ya misiprasi, na maua yaliyopandwa kwenye kila kitu kilichowahi kutupwa: jerikeni, makopo, sufuria zilizotoboka. Mwenye bustani aliitwa Job Mose, mwanamume wa makamo mwenye gambuti na kicheko cha karibu. Manasseh hakujitambulisha. Alitoa chungu mfukoni, akakiweka juu ya meza.

Job alikitazama chungu kabla ya kulitazama ua.

"Hii chungu naijua! Iko na pengo hapa," alisema, akilipapasa lile pengo. "Si hii ni ya Mama Ruth? Imekunywa chai tena?"

Manasseh alihisi kama ardhi imesogea.

"Imekunywa nini?"

"Chai." Job aliinama, akanusa. "Aa, leo si chai. Leo ni maji. Hiyo ni mpya. Unajua, mzee, huyo mama ako na bwana, mtu amesoma sana, lakini kila asubuhi anapea maua chai! Ya maziwa! Na sukari! Inaoza, mama anakuja nayo hapa amefunika na leso, tunacheka mpaka tunalia. Anaenda na ingine, anaweka kwa chungu ile ile, bwana hajui. Ameniambia nisiwahi kusema. Anasema, 'Ni yeye alinipatia, nitamwambiaje ni yeye anaua?'"

Alikuwa bado anacheka. Kisha akamwona mzee aliyesimama mbele yake: tai, viatu vilivyopigwa rangi, kalamu mfukoni, na mdomo uliokuwa wazi. Kicheko kilimfia.

"Wewe si... wewe ndio Mwalimu?"

Manasseh aliitikia kwa kichwa. Masikio yalikuwa yanavuma. Miaka yote ile! Kila mgeni aliyeoneshwa dirisha, kila mara aliyokohoa akatoa lile hubiri lake la chai, na Mokeira amesimama pale anapanguza kioo! Alikumbuka lile tabasamu, na kwa mara ya kwanza akalielewa, na damu yote ikamshuka miguuni.

"Mama Ruth ako wapi?" Job aliuliza taratibu. "Sijamwona siku mingi."

"Alitutoka mwaka jana."

Job alivua kofia. "Pole, Mwalimu. Pole sana. Hakuna mtu aliniambia."

"Kwa hivyo lilikufa," Manasseh alisema. Sauti ilikuwa kali kuliko alivyokusudia. "Ua langu lilikufa zamani. Alikuwa ananiwekea la kununua. Nilimwahidi nitamkatia binti yangu jani la ua hili, ni yeye mwenyewe aliniomba! Jani la nini? La hapa kando ya barabara?"

Hasira ilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Neno lake la pekee, lile alilolisema akiwa kijana na asilirudie tena, lilikuwa limeoza ndani ya udongo tangu lini?

"Hapana, Mwalimu. Ngoja." Job alimshika kiwiko. "Mimi nilitaka kumuuzia ingine tu, nitupe hii imeoza. Alikataa. Akakaa hapa, hapa kwa hii jerikeni, akatafuta jani moja yenye haijaharibika. Akapanda yeye mwenyewe. Akaniambia, 'Hii unichungie mpaka iwe kubwa.' Akienda, anaenda na ile alipanda mara iliyopita. Ni hivyo kila wakati. Hajawahi kununua maua hapa. Ni jani ya ile yake, na jani ya hiyo jani. Ni ile ile."

Manasseh alimtazama bila kupepesa macho.

"Ile ya mkebe?"

"Mimi sijui mkebe gani. Lakini kuja."

Job aliingia ndani kabisa ya kivuli, mahali palipokuwa na ubaridi, akasogeza makopo, akarudi na kitu amekikumbatia kifuani. Ulikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia, umeanza kutu pembeni, na kiunoni umefungwa kipande cha kitenge cha kijani. Ndani yake ua lilikuwa limejaa, majani mazito, na maua ya zambarau yamesimama katikati.

"Hii alipanda mara ya mwisho. Akasema ni lazima iwe kwa mkebe, akaleta mkebe kutoka nyumbani. Hakurudi kuchukua. Watu wameniuliza, nikakataa kuuza."

Kitenge kile Manasseh alikijua. Mokeira alikivaa siku ya harusi ya Ruth. Alinyoosha mikono yote miwili, akaupokea mkebe, na mtu aliyezika mkewe kwa macho makavu akakaa juu ya jerikeni ya Job Mose, mchana kweupe, mbele ya watu wa stendi ya Masimba, akalia kwa sauti. Alilia akishangaa kwamba analia. Hakujua kwamba aliwahi kupendwa kiasi kile, akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, akinywa chai.

Desemba ilipofika, alisimama mbele ya wageni akakata jani kwa wembe, akalizungushia kitambaa kibichi, akamwekea Natasha mkononi. Wanawake walipiga vigelegele. Natasha alilifunua kidogo akalitazama, kisha akamtazama baba yake.

"Tata, na ile siku ya maji? Ruth aliniambia. Niliogopa imekufa."

"Haijawahi kufa," Manasseh alisema.

Asubuhi baada ya harusi nyumba ilikuwa tupu. Ndoo ilikuwa chini, nyuma ya kochi, mahali pake. Manasseh alikunywa chai yake peke yake, na ilipobaki ile ya chini, miguu yake ikainuka yenyewe kama ilivyozoea, ikampeleka dirishani. Mkebe ulikuwa kwenye kigoda, na kile kitenge cha kijani bado kiko kiunoni mwake. Pampu ilinguruma, tone likaning'inia kwenye ncha ya mpira, likadondoka. Alisimama pale na kikombe mkononi. Kisha akakiinua, akainywa ile chai yote, na makapi yake, hadi kikombe kikawa kikavu.